Nilivyofupisha Kisiwa Chenye Hazina kwa maneno 250

Riwaya ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1883, ambayo kwa Kiswahili tunaijua kama Kisiwa Chenye Hazina, ina sura 34 katika sehemu 6. Mwalimu wetu hapa Uyole alitaka muhtasari usiozidi maneno 250. Ukigawa sawa kwa sawa, kila sura inaambulia maneno 7. Hapo ndipo wengi huharibu: sura 6 za mwanzo, zinazoanzia kwenye nyumba ya wageni, zinakula ukurasa mzima, halafu kisiwa chenyewe kinapita kwa mistari mitatu.

Kila sura ilipoisha nilifunga kitabu na kuandika sentensi moja: nani kafanya nini, na baada ya hapo kimebadilika nini. Kukifunga ni lazima, maana kikiwa wazi utanakili tu. Sentensi 34 zilinipa maneno karibu 500.

Kazi yenyewe ni kupunguza. Niliziba sentensi kwa kidole, nikasoma zinazofuata. Zikieleweka bila hiyo, naikata. Pew, yule kipofu, aliondoka hivyo. Pipa la matufaha (maepo, kwa Kiswahili cha sokoni) lilibaki, kwani ndani yake ndimo Jim, kijana anayesimulia hadithi, anamomsikia Silver, mpishi wa mguu mmoja, akipanga uasi. Ben Gunn, baharia aliyetelekezwa kisiwani, nusura nimkate. Sura ya 15 anaonekana mwehu tu anayeota jibini. Kumbe ndiye aliyekwisha kuihamishia hazina pangoni kwake! Ukimtoa, maharamia wanakuta shimo tupu na msomaji hajui kwa nini.

Angalia pia msimulizi. Sura ya 16 hadi ya 18 anayesimulia ni Daktari Livesey, siyo Jim. Ukiandika “mimi” mwanzo hadi mwisho, daktari na kijana wanakuwa mtu mmoja. Niligeuza yote kuwa nafsi ya tatu.

Msamiati wa baharini nao unasumbua. Sisi maji makubwa tunayoyajua ni Ziwa Nyasa kule Matema, hivyo ukurasa wa mwisho wa daftari niliutenga: omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, mlingoti ni nguzo ya tanga. Jim anatumia kijimashua cha ngozi ya mbuzi alichounda Ben Gunn kuifikia meli, Hispaniola, na kukata kamba ya nanga. Ukiviita vyombo vyote viwili “mashua”, tukio halisomeki.

Kuhesabu maneno ni rahisi. Mstari wangu hubeba maneno 10, kwa hiyo kikomo ni mistari 25. Rasimu ya kwanza ilifika 31. Zilizotoka mwisho ni sifa: “jasiri”, “katili”, “ya kusisimua”. Kasuku wa Silver naye nilimwondoa, ila kwa shingo upande.