Na Patsey Je?

Kikundi chetu cha filamu kilikuwa na kanuni moja: hakuna kuzungumza mpaka filamu iishe. Jioni tulipoangalia 12 Years a Slave, filamu kuhusu utumwa wa Marekani, kanuni ilivunjwa pale Solomon Northup aliponing'inizwa mtini, kamba shingoni, ncha za vidole vya miguu zikiparaza tope linaloteleza. Kamera haibanduki. Nyuma yake watumwa wenzake wanatoka vibandani na kushika kazi zao, watoto wanacheza. Mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa kawaida husinzia mapema, akapaza sauti: "Jamani, ikateni hiyo kamba!" Hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Ubishi wenyewe ulizuka filamu ilipoisha. Mwenyekiti wetu, mwalimu wa historia, alikumbusha kwamba kisa ni cha kweli. Northup alizaliwa huru katika jimbo la New York, akawa mpiga fidla, akarubuniwa kwa ahadi ya kazi mwaka 1841, akauzwa utumwani katika jimbo la Louisiana, na akaachiwa Januari 1853. Kijana mmoja akapiga makofi. Haki imeshinda, akasema.

"Imeshinda wapi?" yule mama akadakia. "Na Patsey je?"

Patsey, mtumwa mwenzake Solomon, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, anachuma pamba kuwapita wanaume wa shamba zima, na mgongo wake unachanwa kwa viboko kisa kipande cha sabuni. Gari la farasi linapomchukua Solomon, yeye anaachwa palepale.

"Sasa Solomon angefanya nini, mama?" kijana akajitetea.

Kweli, hakuwa na la kufanya. Lakini mimi nilisimama na mama, na sijahama. Sheria ya New York ya mwaka 1840 ilimrudisha Solomon kwa kuwa alikuwa raia huru aliyeibwa. Utumwa wenyewe haikuugusa. Patsey, kwa sheria za Louisiana, alikuwa mali halali ya bwana wake, na ingepita zaidi ya miaka kumi kabla ya utumwa kupigwa marufuku Marekani nzima mwaka 1865. Na huyo Solomon aliyekwisha kuwa huru, alipomshtaki mjini Washington mfanyabiashara wa watumwa aliyemuuza, alikataliwa kutoa ushahidi kwa sababu ni mweusi. Hiyo ndiyo haki tuliyokuwa tukiipigia makofi!

"Kwa hiyo nisifurahi?" kijana akauliza.

"Furahi, mwanangu. Makofi ndiyo uyaache."

Mwenyekiti akapendekeza filamu ijayo iwe ya kuchekesha. Tukapitisha kwa kauli moja, kisha ubishi ukaendelea.