Mliouliza kuhusu braza, majibu haya hapa

Jamani wengi mmeniuliza inboksi kuhusu ugonjwa wa braza wangu, ngoja niandike mara moja. Ilianza mdomo kupinda upande mmoja, jicho halifungi, majirani hapa Area C, Dodoma wakasema kiharusi, wengine wakaanza mambo ya kurogwa (Wagogo wenzangu mnatujua hahaha). Siti skani (CT, zile picha za eksirei za kompyuta) ya kichwa ikatoka safi kabisa. Daktari wa mishipa ya fahamu akasema siti haioni kila kitu, apige MRI (picha za sumaku) na ile dawa inayochomwa kwenye mshipa ili penye shida pang'ae kwenye picha, gadolini, ila kwanza wakampima figo. Sasa picha za kabla ya dawa zilikuwa kama za mtu asiyeumwa tu, dawa ilipoingia ndo utando unaofunika ubongo ukang'aa kule chini karibu na shina la ubongo, na neva ya uso nayo ikang'aa!

Ila kung'aa peke yake sio jibu, maana TB ya ubongo nayo inang'aa hivyohivyo, na kwetu huku lazima uiwaze TB kwanza. Basi wakapiga siti ya kifua wakakuta matezi yamevimba pande zote mbili, wakakata kinyama wakapeleka maabara, ikarudi sakoidosisi, yani kinga ya mwili yenyewe inajikusanya inatengeneza vivimbe vidogovidogo, TB hamna. Saivi yuko kwenye prednisoloni, dawa ya kutuliza hiyo kinga, uso unarudi taratibu, ila zile dawa zinaleta njaa nyie, jana kamaliza ugali wa watu wawili na mlenda wote.