Goti la Hilux

"Baba, hili goti ni la mnyama gani?"

Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni na kile chuma ninachozuilia mlango wa stoo, anakikunja na kukikunjua. Nikamwambia si goti, ni tairodi endi, kiungo cha usukani wa gari. Akakitikisa karibu na sikio. Tok. Tok. Basi, nikawa nimerudi chini ya gari, Mlowa Barabarani, kisogo kwenye vumbi.

Agosti 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimeichana barabara ya Dodoma kwenda Iringa, jua likaikausha vilevile ilivyochanika, malori nayo yakapiga rasta juu yake, vile vituta vidogo vidogo vinavyofuatana. Lami ilikuwa bado hadithi. Mimi na Mjomba tulipakia matenga kumi na mawili ya zabibu Mpunguzi alfajiri, tufike Iringa kabla jua halijayapika.

Usukani wa ile Hilux ulikuwa umeanza kupwaya tangu Juni. Unaugeuza upana wa kiganja kizima kabla tairi hazijapata habari. Mjomba akasema ni upepo. Baadaye akasema ni tairi. Mwishowe akaipeleka kwa fundi mmoja mjini, ambaye alifungua boneti, akalegeza nati ya stelingi boksi (boksi la gia za usukani), akakaza ile skrubu ya juu kwa bisibisi na kuchukua hela yake. Dakika kumi hazikufika. Tangu hapo usukani ukawa mzito, ukikata kona haurudi wenyewe, na gari bado linatangatanga. Tukawa na magonjwa mawili badala ya moja. Lakini hela ilishatoka, kwa hiyo Mjomba akatangaza kwamba limepona.

Mlowa tulisimama kununua maji. Chini ya mkungugu palikuwa na mzee anaziba pancha. Alitutazama tulivyoingia, akaacha kazi.

"Mbukwenyi," akatusalimu Kigogo. "Hilo gari limelewa au dereva?"

Mjomba hakucheka. Akaeleza habari ya stelingi boksi. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi, mtoto wa kidato cha pili niliyevaa shati pekee jeupe nililokuwa nalo.

"Mjukuu wangu, ingia chini. Wewe mjomba wake, kaa kwenye usukani, usiwashe. Tikisa kushoto, kulia, kidogo kidogo, kama unambembeleza mtoto."

Nikaingia. Mzee akajilaza pembeni yangu, akaushika mkono wangu, akauweka juu ya kiungo cha kwanza, kile kinachotoka kwenye boksi. Nilipotaka kuchungulia akanizuia. "Macho hudanganywa na grisi. Kiganja kiwe juu ya vyuma vyote viwili." Juu Mjomba anatikisa, na chini ya kiganja changu vyuma vinakwenda pamoja, kama watu wawili waliobeba kitanda. Tukahamia cha pili. Pamoja. Cha tatu, pamoja. Tukasogea polepole kuelekea kushoto, mgongo wangu unafagia mawe, mchanga unanidondokea mdomoni. Cha mwisho, kando ya tairi la kushoto, chuma cha upande mmoja kilisogea na cha upande wa pili kikabaki kimelala. Kilichelewa kidogo tu, ndipo kikaja. Tok.

Mpira wake ulikuwa umechanika siku nyingi. Vumbi la kwetu hili likiingia kwenye grisi linageuka msasa, na kila rasta ni kama mtu anapiga msasa mara moja. Mzee akachomeka kipande cha ubao, akakibinya kwenda juu. Kichwa cha kile kiungo kikanyanyuka ndani ya kikombe chake, kikarudi. Tok.

"Hiki," akasema kwa sauti ya chini ili Mjomba asisikie, "kilikuwa kinawaaga."

Ile sauti niliijua. Dereva hukaa kulia, mimi nilikuwa nakaa kushoto, juu ya tairi lile lile, na tok hiyo nilikuwa naisikia tangu Juni. Kila shimo, tok. Sikusema. Mjomba alikuwa amesema ni upepo.

Mengine yalikwenda haraka. Mzee alipiga jeki, akashika tairi saa tatu na saa tisa akalichezesha, kisha saa sita na saa kumi na mbili, akaridhika kwamba beringi ni nzima. (Nimegundua ukubwani kwamba uhesabu saa kwa Kiswahili au kwa Kizungu, mikono inakaa palepale.) Akachomoa kata pini, akalegeza nati, akagonga jicho la chuma kwa nyundo, nyundo ya pili ikiwa imeegemea upande wa pili, mpaka kiungo kikaachia. Wakati wa kukifungua alinihesabisha mizunguko, ili kipya kiingie palepale na tairi zisitazamane vibaya mpaka tupimishe alaimenti mjini. Kumi na saba. Mjomba akadandia lori kwenda kutafuta kipya, akarudi kesho yake. Skrubu ya boksi mzee aliirudisha nyuma kidogo bila kumwambia mtu. Malipo yalikuwa tenga moja la zabibu zilizoanza kulainika, na hela kidogo.

Mjomba bado yuko, na kwenye misiba bado anasimulia alivyogundua ugonjwa wa ile Hilux kwa kusikia sauti tu. Anaiigiza vizuri, tok, tok, watu wanacheka. Mimi nacheka pia. Sijamwambia ni nani aliyeisikia, na siku zinavyokwenda naona ni heri aendelee kuwa yeye.

Jumapili nilimchukua binti yangu kwenda Hombolo kwa hili gari letu, ambalo nalo si la jana. Barabarani nikamuuliza, huko upande wako husikii kitu?

Akasema hapana. Alisema upesi mno.