Ncha ya Kisu Changu

Nilikwenda kwenye mafunzo ya siku mbili ya kufua visu, na nilikwenda na springi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiokota miezi kadhaa nyuma, jani la springi ya lori lililokwisha kushika kutu, nikalihifadhi chini ya kitanda nikijua siku yake itafika. Jumamosi ile asubuhi nikaliweka mbele ya fundi kama mwindaji anayetua windo. Akaligeuza mara mbili, akaligonga kwa ukucha, akanirudishia.

"Hiki sikijui," akasema. "Na wewe hukijui. Kimebeba mizigo miaka mingapi? Kina ufa wapi ndani? Chuma usichokijua hakikufundishi, mwanangu. Kikipasuka, hutajua kosa ni lako au ni lake."

Nikairudisha springi kwenye mkoba. Moyoni nilimwona mzee ana maringo.

Akatugawia vyuma vipya, vipande vya urefu wa shibiri moja na ushei, vyote vya namba moja: 1084. Tarakimu mbili za mwanzo, alituambia, zinamaanisha chuma cha kaboni kisichochanganywa na madini mengine ya maana. Mbili za mwisho ni kaboni yenyewe, kama asilimia 0.84. Springi za magari mara nyingi ni 5160, kaboni asilimia 0.60 hivi pamoja na kromiamu kidogo. Hilo "mara nyingi" ndilo lililokuwa likimkera. Hakutaka tujifunze kwa kubahatisha.

Tulikuwa tisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mhunzi. Kulikuwa na muuguzi, dereva mstaafu, mwalimu wa hesabu, kijana wa miaka 19 aliyekuwa hasemi, na wengine ambao sura zao zimeanza kunipotea. Mimi kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta. Kabla moto haujawashwa fundi alitukagua nguo kama askari wa gwaride: pamba au ngozi tu. Aliyevaa shati la nailoni alirudishwa kubadilisha, maana nailoni ikipata cheche haiungui ikaisha, huyeyuka ikagandana na ngozi. Kila mtu miwani ya kinga, kila mtu vizibo vya masikio.

Halafu nyundo. Zilikuwa zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na mimi, bila kufikiri, nikachukua ile nene kuliko zote. Fundi hakusema neno. Aliniacha nayo kama robo saa, mpaka mkono wangu ukaanza kutetemeka na mapigo yakawa yanaangukia popote, ndipo akaja, akainyofoa mkononi mwangu na kunipa ya kilo moja. Ninachokumbuka zaidi ni jinsi alivyoishika yeye: kwa ulegevu, kama mtu aliyeshika kifaranga. Nyundo ilikuwa inaruka yenyewe kutoka kwenye fuawe, naye anaielekeza tu.

Moto ulikuwa wa gesi, tanuri dogo lenye kuta za matofali ya moto, linalovuma mfululizo. Chuma kikitoka humo chenye rangi ya chungwa kinafulika kama udongo mgumu. Kikishuka hadi wekundu uliofifia, ukiendelea kukigonga unakiumiza. Kikipanda hadi manjano inayoelekea weupe na kuanza kurusha cheche kama fataki, hapo hukipati tena, kimeungua, na sehemu hiyo hukatwa ikatupwa. Dereva mstaafu aliunguza chake mara mbili kabla ya mchana. Alikuwa mtu wa hadithi, na hadithi ilikuwa inanoga kila chuma kilipokuwa motoni.

Jambo lililonishangaza siku hiyo ni kupinda. Ukiligonga bapa upande wa makali, upande huo unakonda, na ukikonda unarefuka. Mgongo haurefuki. Basi kisu chote kinajikunja kuelekea mgongoni, taratibu, pigo kwa pigo, mpaka una kitu kama upinde na hujui kimetokea wapi. Nilidhani ninapiga vibaya. Kumbe ndivyo chuma kilivyo, na dawa yake ni kukipinda kwanza upande wa pili, makali yakiwa ndani kama mundu, ili mapigo ya baadaye yakinyooshe. Mwalimu wa hesabu alilielewa hilo papo hapo, akalichora hata kwa chaki sakafuni. Mimi lilinichukua saa nzima na malengelenge mawili.

Kufikia alasiri nilikuwa na kitu kinachofanana na kisu. Nilikipenda kupita kiasi. Tukavipasha vyote kupita kidogo pale ambapo sumaku huacha kuvishika, tukaviacha vipoe hewani, mara tatu, kila mara kwa moto mdogo kidogo kuliko wa kabla. Chembe za ndani ya chuma, alisema fundi, hukua kwa moto mkali, na njia hii huzirudisha ziwe ndogo. Niliitikia kwa kichwa. Chembe zenyewe sikuwa nimeziona, kwa hiyo kwangu lilikuwa neno tu.

Jioni akazima taa.

Kutia matiko, yaani kukipasha chuma kisha kukipoza ghafla ili kishike ugumu, hakufanywi mchana, kwa sababu mwanga wa jua unadanganya: rangi inayoonekana hafifu nje huwa inang'aa ndani ya giza, na ukifuata jicho la mchana utapitiliza. Tulisimama nyuma ya tanuri bila kusema, tunanuka jasho na magamba ya chuma. Fundi akaingiza kisu cha muuguzi kwanza, ili tuone. Kikawa chekundu, kikazidi, kisha ndani ya wekundu ule kikapita kivuli. Sijui nikieleze vipi. Kama wingu dogo linalotambaa chini ya ngozi ya chuma, kutoka upande mwembamba kwenda upande mnene, likiyeyuka linavyokwenda. Hapo chuma kinabadilika mpangilio wake wa ndani, na mabadiliko hayo yanakula joto, ndiyo maana kwa muda sehemu hiyo inapiga weusi ilhali moto ni uleule. Kivuli kikiisha, subiri kidogo tu, kisha kwenye mafuta. Sumaku huacha kushika chuma karibu nyuzi 770 za Selsiasi; unakwenda juu ya hapo kidogo, si sana. Mafuta yenyewe yalikuwa ya kupikia, yamepashwa moto kiasi cha kuvumilika na mkono, kwa sababu yakiwa baridi huwa mazito na kupoza polepole. Na chuma hiki hakikupi nafasi: una kama sekunde moja kukishusha kutoka wekundu, la sivyo hakishiki ugumu.

Ilipofika zamu yangu nilikitazama kivuli kwa mapenzi yote. Nilikifuata kinavyotambaa kuelekea shinani, kwenye unene, nikisubiri kiishe huko. Ncha, ambayo ni nyembamba na ilikuwa imekwisha kupitwa na kivuli zamani, sikuiangalia hata mara moja. Nikatumbukiza. Mafuta yakashika moto juu, yakazima, moshi ukanijaa usoni. Fundi akanipa tupa kuukuu. Nikaipitisha kwenye makali na ikateleza ikilia, haikuuma hata kidogo. Kisu kilikuwa kigumu kama kioo!

Tulikuwa tumeambiwa: kama kioo maana yake kama kioo, kisiguse kitu mpaka kiingie kwenye oveni, kwa moto wa chini unaopunguza wepesi wake wa kuvunjika. Nilikuwa nikikivusha kwenda mezani. Koleo lilikuwa na mafuta. Kilianguka kwenye sakafu ya saruji kutoka kimo cha kiuno, na sauti yake haikuwa ya chuma kabisa, ilikuwa ya kikombe.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kama wangecheka.

Fundi aliviokota vipande viwili, akawasha taa, na badala ya kunipa pole akaviinua sambamba, sehemu zilizovunjika zikitazama mwanga. "Njooni nyote." Tukasogea. Sehemu ya nchani ilikuwa inametameta, chembe kubwa kubwa, kama sukari. Kisha akafanya jambo ambalo nusura nimshike mkono: akafunga kipande kirefu kwenye jiliwa, akakipiga kwa nyundo na kukivunja tena, urefu wa kidole kimoja hivi. Huko ndani palikuwa pa kijivu, laini, kama majivu yaliyoshikana. Chuma kilekile, moto uleule, kisu kimoja.

"Hapa ulikuwa unaangalia," akasema akigusa ukijivu. "Hapa hukuangalia."

Vipande vilizunguka mkono kwa mkono. Muuguzi alitoa lenzi ndogo mkobani, sijui anatembea nayo kwa ajili gani, akakaa na ile ncha muda mrefu. Kijana asiyesema aliuliza swali lake la kwanza, akataka kujua kama inawezekana kuzirudisha chembe zile ziwe ndogo. Inawezekana, fundi alimjibu, kwa mzunguko uleule wa mchana. Lakini si kwa kipande cha urefu wa kidole gumba.

Visu vya wengine vililala ovenini saa mbili kwa nyuzi 200, vikapoa, vikarudi saa mbili nyingine, vikatoka na rangi ya nyasi kavu. Shina langu lililobaki liliingia navyo. Jumapili nililisaga kwenye mashine ya mkanda wa msasa, nikilichovya kwenye ndoo kila baada ya pitisho moja, mikono mitupu ili nihisi joto kabla halijaonekana, maana makali yakigeuka bluu ugumu umekwenda na hakuna wa kumlaumu. Mpini wa mbao, misumari miwili ya shaba, gundi. Kilitoka kisu kifupi kuliko kidole changu cha kati. Kinakata vizuri mno. Nakitumia kufungulia bahasha.

Wakati wa kuagana fundi aliniomba ile ncha, awaonyeshe watakaokuja baadaye. Nilikataa. Nilimwambia ni yangu, na nadhani nilisema kwa ukali, kwa sababu alinitazama kidogo, akapunga mkono, akaenda kufunga gesi. Nikaifunga kwenye kitambaa na kuiweka mkobani pamoja na springi.

Sikuipaka mafuta. Hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza. Mwaka huu nilimtolea mgeni mmoja nikitaka kumwonyesha zile chembe, nikafungua kitambaa, na pale palipokuwa pakimetameta palikuwa na kutu tupu. Aliigeuza huku na huku chini ya taa kwa adabu, akaniuliza ni nini alichotakiwa kuona.