Jinsi nilivyopata chanzo cha Land Rover yangu kuchemsha

Land Rover yangu ni Series III ya mwaka 1978, yenye injini ya petroli ya lita 2.25, na hadi leo inabeba mizigo kati ya Mwanza na Magu. Ilipoanza kuchemsha, kila niliyemweleza alinitajia kifaa cha kununua: huyu thamostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kupozwa injini ikipata moto), yule pampu ya maji, mwingine gasketi ya silinda hedi. Vipuri vya gari la umri huo ni vya kutafuta, na si vyote vinavyoaminika, kwa hiyo niliamua kutonunua chochote mpaka ugonjwa ujulikane.

Fundi mmoja mzee wa Mabatini, baada ya kupokea shikamoo yangu, hakugusa hata boneti. “Mwanangu, linachemsha likiwa limesimama au likiwa safarini?” Nikamjibu, “Safarini, Mzee, hasa likiwa na mzigo.” Naamini hakuna swali lenye manufaa zaidi ya hilo. Gari linalochemsha kwenye foleni na kutulia likishika mwendo, mara nyingi limekosa upepo: mkanda wa feni umelegea, au mapezi, yaani vibati vyembamba vya rejeta inayopoza maji kwa upepo, yameziba kwa nje. Linalotulia mjini na kupandisha joto likikaza mwendo, mara nyingi mzunguko wake wa maji ni mdogo kuliko joto linalozalishwa. Ama rejeta imeziba kwa ndani, ama mpira wa chini unabonyea kwa kufyonzwa na pampu.

Nilianza na geji, kwa sababu katika Series III geji ya joto na ya mafuta hulishwa umeme na kidhibiti kimoja, na kikiharibika zote mbili husoma juu. Ya mafuta ilikuwa inasema kweli. Kifuniko cha rejeta nacho nilikipeleka kikapimwe mgandamizo, jambo ambalo wengi hulipuuza. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na mgandamizo huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Springi ya kifuniko ikichoka, maji yanaweza kufoka ilhali injini haina kosa lolote. Changu kilikuwa kizima.

Mbele ya rejeta nilikuta tabaka la vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda angani kama moshi na kufuata taa za magari jioni, vimekauka na kushikamana na mapezi. Niliviosha kwa maji ya mpira kutokea upande wa injini, bila presha kubwa ili mapezi yasilale. Hali ya mjini ikawa nzuri zaidi, lakini njia ya Magu haikubadilika, na hapo nikajua bado.

Thamostati niliitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Imeandikwa nyuzi 82, na ilianza kufunguka karibu na hapo. Taimingi, yaani wakati cheche za plagi zinapowaka, ilikuwa sawa. Asubuhi injini ikiwa baridi, niliiwasha kifuniko kikiwa wazi nikatazama maji: hayakutoa mapovu mfululizo, na oili haikuwa na rangi ya maziwa, hivyo sikuwa na sababu ya kushuku kuwa gasketi imepasuka na kupitisha gesi au maji.

Ikabaki rejeta. Nilirudi kutoka safari fupi, nikazima gari, feni iliposimama nikapitisha kiganja karibu na mapezi, sehemu kwa sehemu. Juu kulikuwa na moto mkali. Pembe mbili za chini zilikuwa karibu baridi, maana yake maji hayakuwa yakifika huko. Hata hivyo, kilichonishtua zaidi ni bloku, yaani mwili wa injini ambamo maji hupita. Injini ilipopoa nilifungua koki ya kumwagia maji iliyo ubavuni mwake, na hakikutoka kitu, hata tone. Nilipochokonoa kwa waya, lilianza kutoka tope zito la rangi ya matofali, kutu iliyochanganyika na mchanga laini, kisha ndipo maji yakafuata. Bloku ni ya chuma cha kusubu, na kwa miaka mingi ilikuwa ikijazwa maji matupu, mengine ya kuchotwa ziwani. Kama ningesafisha rejeta peke yake, tope hilo lingeiziba tena.

Rejeta ilipelekwa kwa mtu wa kuchomelea, akaibandua tangi na kuzibua mirija yake kwa vijiti. Bloku niliisukumia maji kinyume na mzunguko wake hadi yakatoka meupe. Nikajaza kulanti, maji yenye dawa ya kupozea injini, polepole, injini ikinguruma kifuniko kikiwa wazi mpaka thamostati ikafunguka na hewa ikaisha, kisha nikaongeza. Huku kwetu hakuna maji yanayoganda, lakini kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndiyo ninayoilipia. Sasa gari linapanda na mzigo wake hadi Magu mshale ukiwa katikati, na kulanti naibadilisha kila baada ya miaka miwili, nikifungua na koki ya bloku pia.