Namba za mlinganyo huhesabu moli, si gramu

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine ninaposahihisha hesabu za kemia si la kuzidisha wala la kugawanya, bali ni la kuzisoma namba za mlinganyo kana kwamba zinahesabu gramu. Juzi nilifungua daftari ambamo swali lilitaka kiasi cha amonia kitakachopatikana kutokana na gramu 6 za haidrojeni, naitrojeni ikiwapo ya kutosha. Mwanafunzi alikuwa ameusawazisha mlinganyo vizuri kabisa, N₂ + 3H₂ → 2NH₃, kisha akazidisha 6 kwa 2, akagawanya kwa 3, akaandika: gramu 4. Jibu hilo haliwezekani, kwa kuwa haidrojeni yote ya gramu 6 haiwezi kuwamo ndani ya amonia ya gramu 4.

Namba zile huhesabu molekuli, na kwa sababu hiyo huhesabu pia moli, maana moli moja ya dutu yoyote ina idadi ileile ya chembe, takriban 6.02 × 10²³. Basi gramu 6 zigawanywe kwanza kwa 2, ambayo ni masi ya moli moja ya H₂ kwa gramu, tupate moli 3. Hapo ndipo uwiano wa 3 kwa 2 unapotumika: moli 3 za haidrojeni hutoa moli 2 za amonia, na kwa kuwa kila moli ya amonia ina gramu 17, jibu ni gramu 34. Gramu 28 zilizoongezeka ni za moli 1 ya naitrojeni.

Wapo wanaoingiwa na wasiwasi wakiona moli 4 upande wa kushoto na 2 tu upande wa kulia, na wasiwasi huo naupenda, kwa sababu ni wa mtu anayefikiri. Hakuna kilichopotea: atomu 2 za naitrojeni na 6 za haidrojeni zimo pande zote mbili, ila upande wa kulia zimeungana katika molekuli chache zaidi.

Mimi huwasihi wanafunzi wasiandike kamwe "moli 3" pekee, bali "moli 3 za H₂". Ukizidisha kwa moli 2 za NH₃ na kugawanya kwa moli 3 za H₂, H₂ ya juu hukatana na ya chini, ikabaki NH₃; zisipokatana, uwiano umeugeuza.