Chicago Inasema Hester, Nami Nasema Patterson

Katika jiji la Chicago, ukiuliza ni nani aliyekuwa hodari kuliko wote katika kuurudisha mpira kwenye futiboli ya Marekani, utajibiwa kwa jina moja kabla hujamaliza swali: Devin Hester. Wanaojibu hivyo wana haki ya kujivuna, kwa maana mtu huyo aliichezea timu yao ya Bears kuanzia mwaka 2006 hadi 2013, na mambo aliyoyafanya hayajafanywa na mwingine. Hata hivyo, mimi niliyetoka Tanga nikahamia hapa na kuupenda mchezo huu kwa dhati, nina msimamo ambao wenyeji hawaufurahii. Swali hilo limebeba maswali mawili ndani yake, na katika moja kati ya hayo mawili Hester si wa kwanza; wa kwanza ni Cordarrelle Patterson.

Kwa ajili ya msomaji aliye nyumbani, ambaye huenda hajawahi kuutazama mchezo huu, ni lazima nieleze kidogo. Futiboli ya Marekani huchezwa zaidi kwa mikono, lakini zipo nyakati mbili ambapo timu huupiga mpira kwa mguu ili kumkabidhi mpinzani. Wakati wa kwanza ni mkwaju wa kuanzisha, unaopigwa mwanzoni mwa kila kipindi cha mchezo na kila baada ya timu kupata pointi. Mpira huruka yadi 60 au zaidi, na mrudishaji, yaani mchezaji wa timu inayopokea anayeudaka na kukimbia nao kuelekea upande wa waliopiga, huungoja karibu na mstari wake wa goli, akiwa na uwanja mzima wa yadi 100 mbele yake. Wakati wa pili ni mkwaju wa kusalimisha. Timu inayoshambulia hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, na ikiona zile tatu za kwanza zimepotea bure, kwa kawaida huupiga mpira mbali ili mpinzani aanzie nyuma sana. Katika mkwaju wa kuanzisha, mrudishaji hupata nafasi ya kushika kasi kabla hajakutana na mtu, na sifa anayoihitaji ni ujasiri wa kuchagua upenyo mmoja na kuuingia bila kusita. Katika mkwaju wa kusalimisha, mpira huning'inia angani huku wapinzani wakiwa wamekwisha kumkaribia, naye huhitaji miguu ya kumhadaa mtu aliye umbali wa mkono mmoja tu. Hizo ni kazi mbili, hata kama kwa miaka mingi zimekuwa zikifanywa na mtu yule yule.

Sasa nianze kwa kumpa Hester haki yake, kwa sababu ubishi usiomheshimu mtu huyu hauna maana. Katika michezo ya ligi kuu ya futiboli hii, NFL, alirudisha mikwaju ya kusalimisha 14 hadi tachidauni, yaani hadi eneo la mwisho la wapinzani ambako mtu huzawadiwa pointi 6, na mikwaju ya kuanzisha 5. Kuna na moja isiyo ya kawaida, ya Novemba 2006 dhidi ya Giants wa New York, ambapo mpigaji wao alijaribu kufunga kutoka mbali, mpira ukapungua, na Hester akaudaka ndani kabisa ya eneo lake. Alipiga hatua chache za kivivu, kana kwamba amekwisha kuridhika, kisha akafyatuka na kukimbia yadi 108. Jumla ni 20, na hakuna mtu mwingine katika historia ya ligi aliyefikia idadi hiyo. Itawapendeza wasomaji wa Afrika Mashariki kujua kwamba katika kikosi cha Giants cha mwaka huo alikuwemo kijana aliyeitwa Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda.

Jambo ambalo watu wa Chicago hawatalisahau ni la Februari 2007, mjini Miami, katika fainali ya Super Bowl. Colts wa Indianapolis walipiga mkwaju wa kwanza kabisa wa mchezo, Hester akaudaka na kuurudisha yadi 92 hadi tachidauni. Mpaka leo hakuna mwingine aliyewahi kuurudisha hivyo mkwaju wa kufungulia fainali hiyo. Bears walipoteza mchezo kwa 29 dhidi ya 17, lakini ukizungumza na mtu wa hapa kuhusu usiku ule, ataanza na Hester, na mara nyingi ataishia hapo hapo. Hesabu hizo 20 nilizozitaja, tena, hazijumuishi tachidauni ile, kwa kuwa michezo ya mtoano huhesabiwa mbali.

Ninafanya kazi katika ghala moja nje ya jiji, zamu ya usiku, na wakati wa kupumzika ubishi huu hurudi kila msimu wa baridi unapokaribia. Mzee mmoja mweusi aliyezaliwa upande wa kusini wa Chicago, ambaye sisi sote tunamheshimu na mimi humwamkia kama ninavyomwamkia mtu wa umri wa baba yangu, ndiye mtetezi mkubwa wa Hester, na hoja yake ni nzito kuliko takwimu. Anasema kwamba mrudishaji hupimwa kwa hofu. Timu zilipoanza kumwogopa Hester, wapigaji wao waliupeleka mpira pembeni ukatoka nje ya uwanja, wakikubali kuwapa Bears yadi za bure ili tu mpira usifike mikononi mwake. Mnamo Novemba 2007 Broncos wa Denver walimpigia bila kumkwepa, naye akawarudishia mkwaju mmoja wa kusalimisha yadi 75 na mmoja wa kuanzisha yadi 88, yote miwili hadi tachidauni, na Bears wakashinda 37 kwa 34 katika muda wa nyongeza. Mzee husema: "Mwanangu, utamhesabiaje mtu mipira ambayo walikataa kumpa?"

Hoja hiyo naikubali kwa upande wa mikwaju ya kusalimisha, na ndiyo maana siwezi kumweka mtu yeyote mbele ya Hester katika kazi hiyo. Katika mikwaju ya kuanzisha mambo hubadilika. Tachidauni zake ni 5, na nne kati ya hizo alizipata katika misimu yake miwili ya kwanza, ikiwemo jozi ya usiku mmoja wa Desemba 2006 dhidi ya Rams huko St. Louis. Cordarrelle Patterson ana 9, nyingi kuliko mtu mwingine yeyote aliyewahi kucheza katika ligi hii. Josh Cribbs na Leon Washington, waliokuwa wakiishikilia rekodi kabla yake, waliishia 8 kila mmoja.

Lakini idadi peke yake isingenitosha kubishana na jiji zima. Kinachonishawishi ni wakati ambao Patterson aliipata. Mwaka 2011 ligi iliusogeza mkwaju wa kuanzisha kutoka yadi 30 hadi yadi 35, kwa sababu watu wawili waliokimbiliana uwanja mzima na kugongana walikuwa wakiumia vibaya, hasa vichwani. Yadi 5 zinaonekana kidogo, ila ziliwatosha wapigaji kuutuma mpira hadi nyuma ya mstari wa goli, ambako mrudishaji hupiga goti tu na timu yake ikaanzia mahali palipopangwa bila mtu kukimbia. Mwaka 2016 timu iliyopiga goti ikaanza kupewa yadi 25 badala ya 20, na sababu ya kukimbia ikapungua tena. Mwaka 2018 wachezaji walio pamoja na mpigaji wakazuiwa kuanza kwa mbio kabla mpira haujapigwa. Kufikia msimu wa 2023 ni takriban mikwaju 22 tu kati ya kila 100 iliyokuwa ikirudishwa. Patterson aliingia ligini mwaka 2013, kwa hiyo tachidauni zake zote 9 alizipata baada ya mlango kuanza kufungwa. Kila mara alipoutoa mpira ndani ya eneo la goli, alikuwa akizikataa yadi za bure na kujiwekea dhamana kwamba atafika mbali zaidi, na kwa wastani alifika mbali zaidi, yapata yadi 29 kwa kila mkwaju.

Mtazame anavyokimbia, na utaelewa kwa nini kazi hizi mbili hazifanani. Ana kimo cha futi 6 na inchi 2 na uzito unaofikia kilo 100, mwili ambao haungefaa kwa mikwaju ya kusalimisha, na makocha wake hawakumtumia sana huko. Hageuki-geuki wala hatafuti pembeni. Anasubiri wazuiaji wake, yaani wenzake wanaomfungulia njia, wajipange, anaona mpasuko, kisha anaupita kama jahazi lililopata upepo wa kaskazi, na mtu wa mwisho mwenye nafasi ya kumkamata hukuta hana la kushika. Mnamo Oktoba 2013, katika msimu wake wa kwanza akiwa na Vikings wa Minnesota, alirudisha mkwaju yadi 109 dhidi ya Packers wa Green Bay, na kwa jinsi uwanja unavyopimwa hakuna anayeweza kukimbia zaidi ya hapo.

Shemeji yangu, Mkenya wa Kisumu anayeishi Minneapolis, aliyaona hayo tangu mwanzo, na tunapopigiana simu siku za Jumapili ndiye pekee anayeniunga mkono bila masharti. "Shemeji," aliniambia wakati fulani, "waulize hao watu wako wa Chicago ni nani aliyewafunga kwao." Swali hilo ni kali, na niliposikia jibu lake nililipeleka ghalani usiku huo huo. Septemba 2013 Patterson alirudisha mkwaju wa kwanza wa mchezo yadi 105 katika uwanja wa Soldier Field, nyumbani kwa Bears. Oktoba 2018, akiwa na Patriots, alirudi katika uwanja huo huo, akaupoteza mpira mmoja, na baadaye akaurudisha mwingine yadi 95. Kisha Bears wenyewe wakamsajili, naye akawafungia tachidauni mbili za namna hiyo, moja mwaka 2019 na nyingine mwaka 2020. Na ile ya tisa, iliyomweka juu ya Cribbs na Washington, aliipata Novemba 2022 akiwa na Falcons wa Atlanta, kwa mbio za yadi 103, na waliofungwa walikuwa Bears kwa mara nyingine. Tachidauni 5 kati ya 9 zinawahusu Bears, aidha kwa furaha au kwa uchungu, na bado jina lake halitajwi hapa inavyostahili.

Mzee alisikiliza yote, kisha akaniambia kwamba ikiwa ninataka kuzungumza juu ya mikwaju ya kuanzisha pekee, basi nimwache Hester na Patterson wote wawili, nimtafute Gale Sayers. Hapo alinipa kazi ngumu. Sayers aliichezea Bears kuanzia mwaka 1965, na wastani wake wa yadi 30.56 kwa kila mkwaju wa kuanzisha haujapitwa katika historia ya ligi. Desemba 12, 1965, katika matope ya Wrigley Field, alipata tachidauni 6 katika mchezo mmoja dhidi ya 49ers wa San Francisco, mojawapo ikiwa mkwaju wa kusalimisha alioubeba yadi 85 huku wengine wakiteleza na kuanguka. Goti lililoumia mwaka 1968 ndilo lililoanza kumkatia safari. Jibu langu, nililolitoa kwa adabu, ni kwamba Sayers alirudisha mikwaju ya kuanzisha 91 tu katika maisha yake yote ya uchezaji, akapata tachidauni 6, na wastani uliojengwa juu ya mikwaju michache hauwezi kubeba uzito sawa na ule wa mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya misimu 10. Mzee hakuafiki. Alisema goti si kosa la mtu, na katika hilo sina la kumjibu.

Wengine nawapitia haraka. Brian Mitchell ana yadi 14,014 za mikwaju ya kuanzisha, nyingi kuliko mtu yeyote, lakini sifa yake kubwa ni uvumilivu wake. Desmond Howard alichaguliwa mchezaji bora wa Super Bowl ya Januari 1997 baada ya kurudisha mkwaju yadi 99, heshima ambayo hakuna mrudishaji mwingine aliyewahi kuipata. Jacoby Jones, marehemu sasa, alikimbia yadi 108 katika Super Bowl ya Februari 2013. Hao ni mashujaa wa siku zao, na siku moja, hata iwe kubwa namna gani, haimtangulizi mtu mbele ya kazi ya miaka.

Agosti 2024 Hester aliingizwa katika Jumba la Umashuhuri la mchezo huu huko Canton, Ohio, akiwa wa kwanza kuingia humo hasa kwa sababu ya kurudisha mipira. Siku mbili kabla ya sherehe, katika mji huo huo, Bears na Texans wa Houston walicheza mchezo wa kwanza kutumia utaratibu mpya wa mkwaju wa kuanzisha, ambapo wachezaji 10 wa timu inayopiga husimama upande wa pili wa uwanja, karibu na wazuiaji, na hawaruhusiwi kusogea mpaka mpira udakwe au uguse chini. Mikwaju inayorudishwa ilipanda hadi takriban 33 kati ya 100 msimu huo, na mwaka 2025 ikaongezeka sana pale timu inayopokea mpira uliopigwa kupita kiasi ilipoanza kupewa yadi 35.

Kwa hiyo rekodi ya Patterson inaweza kupitwa na kijana ambaye bado hatumjui. Atakapopatikana, nitaomba apimwe kwa mazingira yake kama ninavyoomba Patterson apimwe kwa yake, kwa sababu kijana huyo atakuwa anadaka mipira mingi na kukutana na watu waliosimama, ilhali Patterson alipata nafasi chache na kuwapita watu waliomjia mbio. Mzee wa ghalani ameniahidi kwamba siku hiyo ikifika tutaanza ubishi upya, na kwamba bado atasema Hester.